Chupa chini ya jiwe

Sheria ya kwanza niliyopewa nilipoanza kujitolea usiku mjini Mwanza ilikuwa fupi: mtoto aliyevuta gundi hakimbizwi, hashtuliwi, hapokonywi.

Aliyenipa ni muuguzi mstaafu ambaye watoto wote wa katikati ya mji walimwita Bibi. Sababu alinieleza tukiwa tunakoroga uji. Gundi nyingi za viatu zina kemikali iitwayo toluini. Mvuke wake ukishaingia mwilini, moyo huwa tete, na mshtuko mmoja tu, iwe kukimbizwa au kupigwa, unaweza kuvuruga mapigo hadi yakasimama. Anaweza kufa hata mtoto ambaye ndiyo kwanza anajaribu. "Kwa hiyo ukiona chupa, mwanangu, wewe kaa chini," aliniambia. "Ukikaa, na yeye anakaa."

Niliyashika maneno yale. Usiku mmoja wa Novemba 2014 niliyaacha yote.

Nilikuwa na miaka ishirini na minne. Tulikuwa tunazunguka mara tatu kwa wiki na ndoo ya uji, kuanzia Makoroboi, pale mafundi wanapogeuza mabati na makopo kuwa koroboi na majiko, hadi karibu na daraja la mto Mirongo. Watoto walilala kwenye baraza za maduka, wamejifunika viroba vya sandarusi. Neno hilohilo, kiroba, ndilo walilotumia kwa ile pombe kali ya kwenye vifuko vya plastiki, ambayo wakati ule iliuzwa kila genge. Serikali ilikuja kuipiga marufuku Machi 2017. Kwa watoto tuliokuwa nao sisi, miaka miwili na zaidi ni mingi mno.

Mmoja wao nitamwita Kidagaa, jina nililomtungia mimi. Alikuwa na miaka kumi na moja hivi, alivuka ziwa kwa kivuko baada ya mama yake kuolewa na mtu asiyemtaka. Alipenda mpira kupita kiasi. Aprili ya mwaka ule timu ya watoto wa mitaani ya Tanzania, yenye vijana wa Mwanza, ilikuwa imetwaa Kombe la Dunia la watoto wa mitaani kule Rio de Janeiro kwa kuwafunga Burundi kwenye fainali. Kidagaa aliniuliza kuhusu timu ile zaidi ya mara kumi, na swali lake lilikuwa lilelile: "Dada, na wao walikuwa wanalala nje kweli?"

Wiki ile alikuwa amekaa siku tatu mfululizo kwetu bila gundi. Nilimwambia afisa ustawi wa jamii. Niliwaambia wenzangu. Nilimpigia hata mama yangu simu.

Usiku wa nne mvua ilinyesha jioni nzima. Tulimkuta ameegemea ukuta, mkono wa jaketi kubwa umefunika mdomo na pua. Ndani ya mkono ule wote tulijua kuna nini. Macho yake yalinipita kana kwamba sipo. Hapo nilipandwa na hasira, na nimekuwa na miaka mingi ya kuitafakari hasira ile. Sikukasirika kwa ajili yake. Nilikasirika kwa sababu nilikuwa nimeshamtangaza.

Nilimpokonya chupa, nikamfokea jina lake.

Alikurupuka akakimbia. Nilimsikia Bibi nyuma yangu akiita, "Muache! Usimfuate!" Nikamfuata. Alikimbia kuelekea mtoni, jaketi likimpigapiga magotini, kisha karibu na daraja akaanguka mzima mzima, kama nguo iliyodondoka kwenye kamba.

Watu walikusanyika upesi. Mmoja alikuja na ndoo ya maji ya kummwagia. Mwingine alikuwa anatafuta maziwa, kwa kuwa kwetu kila sumu dawa yake maziwa. Bibi alifika akihema, akawazuia wote wawili kwa sauti ya chini kabisa. Asiye na fahamu hanyweshwi kitu, kitaingia kwenye mapafu. Alimlaza ubavu, akainua kidevu ili njia ya hewa iwe wazi, akafungua jaketi, akawaomba watu warudi nyuma ili apate hewa safi. Kisha akaweka kiganja mgongoni pake na kuhesabu pumzi. Mimi nilisimama na chupa mkononi.

Alifumbua macho ndani ya teksi. Hospitali walimsikiliza moyo usiku kucha, na asubuhi daktari akasema ana bahati.

Neno lake la kwanza kwangu lilikuwa, "Dada, chupa yangu iko wapi?" Nilimwambia nimeitupa. Aligeukia ukutani.

Bibi ndiye aliyekaa kitandani pake. Hakumuuliza kwa nini anavuta. Alimuuliza, "Huwa unavuta saa ngapi?"

Kidagaa alifikiri kidogo. "Saa nne. Kabla wakubwa hawajaja."

Wakubwa walikuja saa tano. Walichukua hela ya mchana, na asiyekuwa na hela alipigwa, na kuna mengine ambayo hakuyasema na sisi hatukumlazimisha. "Nikiwa na stimu sisikii," alisema. "Baridi pia siisikii."

Nilikuwa nimemweleza mtoto yule kwa miezi mitatu jinsi gundi inavyoharibu ubongo, figo na ini. Yote yalikuwa kweli. Sikuwahi kumuuliza saa.

Kwa wiki mbili alipokea uji kwa Bibi tu. Nilipomwomba radhi alinisikiliza akiwa ameangalia pembeni, halafu akasema, "Ile gundi niliinunua." Basi. Afisa ustawi alianza kumtafuta mama yake ng'ambo ya ziwa, kazi iliyochukua muda. Sisi tulianza na saa tano ya usiku.

Mlinzi mmoja wa duka la vifaa vya ujenzi, mzee aliyekuwa anakesha na redio yake, alikubali watoto wanne walale kwenye baraza lake, ndani ya geti. Sharti lake lilikuwa moja. "Shikamoo yako nimeipokea, mjukuu wangu," alimwambia Kidagaa, "lakini humu hailali chupa." Nilitaka kuingilia kati, Bibi akanigusa mkono. Kidagaa alivuka barabara akaificha chini ya jiwe, na Mwanza mawe hayakosekani, akarudi, akajikunja kando ya redio. Wakubwa walipita saa tano na kitu. Waliangalia geti, wakaendelea na safari yao.

Alfajiri chupa ilikuwa imechukuliwa. Jioni ikarudishwa palepale kabla hajaingia kulala. Ikawa hivyo siku nyingi. Aliivuta mchana, nalijua hilo, na mlinzi alilijua. Lakini saa za usiku, zile alizozihofia, alizilala kama mtoto mwingine yeyote.

Ilikuwa katikati ya Desemba mzee aliponiita. Kidagaa alikuwa ametoka mapema kwenda mwaloni Kirumba kuwasaidia kina mama kuanika dagaa, kama alivyofanya juzi na jana yake. Nilivuka barabara nikainama. Chupa ilikuwepo, imelala kifudifudi kwenye majani mabichi, gundi imekauka na kushikana na plastiki, sisimizi wamejenga njia juu yake.

Niliiacha palepale.