Mvua ya Desemba

Mvua ilianza jana mwendo wa saa tano usiku. Kwanza matone makubwa machache juu ya bati, kisha ikamwagika yote kwa pamoja. Hapa Longido tulikuwa tumeingoja mpaka tumechoka kutazama mawingu. Nikamsikia baba akiamka chumba cha pili, akafungua mlango na kusimama barazani akimshukuru Mungu kwa sauti. Mama alikuwa tayari anapanga ndoo na masufuria chini ya bati. Binti yangu akajigeuza kitandani, akanigusa bega.

"Mama, wewe hutaki mvua?"

Nikamwambia naitaka sana, alale. Yeye akalala. Mimi nikabaki macho mpaka alfajiri, na masikioni mwangu haikuwa mvua ya Longido peke yake.

Ilikuwa Desemba 2018, Longyearbyen, mji wa visiwa vya Svalbard huko Norwei, mwaka wangu wa pili kwenye jiko la hoteli moja. Jua tulikuwa tumeliaga tangu Oktoba. Nilitoka zamu ya jioni nikiwa nimejifunga kwa ajili ya theluji, nikakuta maji. Mvua hasa, ya kulowesha, Svalbard, nyuzi 78 kaskazini, katikati ya giza la majira ya baridi. Nilisimama chini ya taa ya barabarani nikakinga kiganja kama mtoto. Nilikuwa nimeikosa mvua kiasi kwamba machozi yalinilengalenga. Nikampigia baba palepale.

"Baba, shikamoo."

"Marahaba, mama. Baridi inakuachia nafasi huko?"

"Baba, huku mvua inanyesha!"

Alinyamaza kidogo, kisha akacheka kile kicheko chake cha kifuani. "Basi Mungu amewakumbuka. Wanyama wa huko nao watashiba."

Nikaitikia amina. Niliitikia kwa moyo wangu wote.

Asubuhi mji mzima ulikuwa kioo. Watu walitembea wakishikilia kuta, waliokuwa na vyuma vya kufunga chini ya viatu ndio waliothubutu kuvuka barabara. Jirani yangu, mama wa makamo aliyekuwa akiwafuatilia rendia, wanyama wa jamii ya kulungu, kwa utafiti kwa miaka mingi, nilimkuta mlangoni kwake anatazama bonde la Adventdalen, ingawa katika giza lile hakukuwa na cha kuona. Nikamsalimu kwa furaha yangu ya jana. Akanijibu taratibu, "Wamefungiwa ghala."

Sikumwelewa mpaka aliponifafanulia ngazini. Svalbard ni pakavu. Theluji yake kwa kawaida ni nyepesi, rendia anaifukua kwa kwato za mbele na kuyafikia majani ya kiangazi yaliyokauka. Mvua ikinyesha juu yake inapenya mpaka chini, na chini ardhi imeganda, haiwezi kunywa hata tone. Maji yanabaki juu ya majani, baridi inarudi, yanageuka barafu. Chakula kipo chote, hakijaoza, hakijaliwa. Kimefunikwa tu.

Januari na Februari zilipita kwa kazi. Rendia walizidi kusogea mjini. Hawa wa Svalbard wana miguu mifupi na manyoya mengi, ukiwaona kwa mbali utadhani kondoo waliovaa pembe. Wengine walishuka ufukweni kula mwani uliotupwa na bahari, na jirani akaniambia wanafanya hivyo wakibanwa na barafu, kwa sababu mwani peke yake hauwashibishi. Mimi niliyewaona kina mama wa Paje, Zanzibar, wakianika mwani kwa ajili ya kuuza, sikuwahi kufikiri nitamwona mnyama wa nchi kavu akiutafuna ili aone kesho.

Siku ninayotaka kuisimulia ni ya mapema Machi. Mwanga ulikuwa umerudi, ule wa rangi ya buluu, ingawa jua lenyewe lilikuwa bado halijafika mjini. Nilitoka kutembea kabla ya zamu, nikaenda hadi mwisho wa mji, kwenye kibao cha pembetatu chenye picha ya dubu mweupe. Kupita pale bila bunduki hairuhusiwi na akili, na mimi bunduki sina. Nikasimama. Hatua kama ishirini mbele yangu, upande wa huku wa kibao, alikuwepo jike mmoja.

Nilimsikia kabla sijamtazama vizuri. Ko. Ko. Ko. Kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba ambayo wenyewe wamesafiri. Alikuwa anapiga barafu kwa ukwato wa mguu wa kulia, anapumzika, anashusha pua kunusa, anapiga tena palepale. Manyoya yale mazito huficha mengi, ila nimekulia zizini, na macho yangu yalikwenda yenyewe kwenye nyonga. Mifupa ilikuwa imesimama. Alinitazama, akaona sina maana, akarudia kazi yake.

Nikapiga magoti pale nilipokuwa. Nikapangusa vumbi la theluji kwa glavu mpaka barafu ikawa safi. Na chini yake, jamani, kulikuwa na malisho. Nyasi za manjano zimelala upande mmoja jinsi upepo wa vuli ulivyoziacha. Kijiti chekundu cha mti mdogo unaotambaa ardhini, na jani lake moja lenye mishipa yote. Pembeni mwa jani, kiputo cha hewa, kidogo kama punje ya mtama. Barafu ilikuwa na unene wa vidole vinne, angavu kabisa. Nikavua glavu nikagonga kwa vifundo vya vidole. Ikatoa sauti ileile. Ko. Nikainua uso, naye alikuwa ameinua wake, tukatazamana, kila mmoja amesimama juu ya chakula asichoweza kukifikia.

Mwaka 2009, ukame ulipotumaliza huku kwetu, nilimbebea majani ng'ombe wetu mwekundu aliyekuwa hawezi tena kusimama. Nilikwenda mbali kuyatafuta, nikarudi na kanga moja tu ya majani, na hata hayo hakuyamaliza. Nilijua njaa ni pale ambapo hakuna. Ardhi nyekundu, vumbi, miti mitupu. Sikuwa nimejua kwamba kuna njaa ya namna hii, ya nyasi zinazoonekana.

Tulishaambiwa kazini wanyama pori wa kule hawalishwi. Naiheshimu sababu yake. Lakini nilirudi mbio hadi hotelini, nikachukua koleo la kuondolea theluji mlangoni, nikarudi. Bado alikuwepo. Nikapiga barafu mpaka mabega yakawaka, ikapasuka vipande vipande, nikafungua nafasi yenye ukubwa wa sinia la pilau. Harufu iliyotoka pale ilikuwa ya majani makavu, ya zizi, ya nyumbani. Nikarudi nyuma hatua nyingi nikangoja. Yeye alikuwa ameshajitenga kwa sababu ya kelele zangu. Alisimama akinitazama. Nikangoja mpaka vidole havikuwa vyangu, na zamu ilikuwa inaanza saa kumi. Nikaondoka.

Nilimweleza jirani usiku huo, nikitarajia anigombeze. Akanitengea chai. Akasema hawa wanyama walipigwa risasi kiasi cha kukaribia kwisha, hadi uwindaji ukapigwa marufuku mwaka 1925, na tangu hapo wameongezeka. Joto hilohilo linaloleta mvua Desemba ndilo linalorefusha kiangazi, majani yakawa mengi na ndama pia. Kisha majira ya baridi vinywa vyote hivyo vinagawana kile ambacho barafu imekiacha. Majike waliozaliwa 1994 walifikia wastani wa kilo 55 ukubwani, waliozaliwa 2010 kama kilo 48. Wengi zaidi, na wepesi zaidi. Nikamuuliza, sasa hiyo ni habari njema au mbaya? Akasema amewapima kwa miaka mingi na bado swali hilo analala nalo.

Julai 2019 watafiti wa Norsk Polarinstitutt, taasisi ya Norwei inayochunguza nchi za ncha za dunia, walimaliza hesabu yao ya mwaka. Mizoga ya rendia zaidi ya 200, waliokufa kwa njaa. Nilisoma habari ile nimesimama jikoni, sufuria inachemka.

Sikumwambia baba. Mwaka ule aliendelea kuniuliza, kila nikipiga simu, kama mvua imerudi huko, na mimi nikawa namjibu bado, baba, bado. Nilishindwa kumpa mzee aliyezika ng'ombe kwa kukosa mvua habari ya wanyama waliozikwa na mvua.

Leo asubuhi nimemsimulia binti yangu, maana aliamka na swali lilelile. Tulikuwa nje, matope mpaka vifundoni, babu yake ameshakwenda kutazama bonde kama maji yamefika. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Yule alikula?"

Nikamwambia nilichokiona. Kesho yake nilirudi pale kwenye kibao. Theluji mpya ilikuwa imeanguka usiku, nikaipangusa kwa mkono. Mahali nilipovunja palikuwa pameganda tena, safari hii barafu nyembamba yenye ukungu. Nyasi zilikuwa fupi kuliko nilivyoziacha. Pembeni kulikuwa na samadi, punje ndogo nyeusi.

"Ya kwake?"

"Sijui, mama. Huenda ya mwingine."

Akafikiri kidogo, kisha akakimbia kumfuata babu yake.