Filamu ya Mzee: sasa tunasubiri jua la kusini

Kuskani negativu za Mzee, mpiga picha wa majengo aliyenifundisha kazi na ninayemtengenezea filamu, kumekwisha, isipokuwa bunda moja lililoanza kunuka siki. Hizo ni negativu za asetati, aina ya plastiki, na joto la Dar es Salaam likichanganyika na unyevu huziozesha polepole. Zikishaanza kuoza hazina dawa. Unazitenga na nyingine na kuziwahi kwenye skana. Zilizobaki zilikuwa salama ndani ya makopo ya biskuti, kila negativu na bahasha yake, na juu ya bahasha mtaa, mwezi, saa na upande jua lilipokuwa.

Bahasha hizo ndizo zilizopindua mpango wangu. Nilikuwa naandaa filamu ya kawaida: maisha ya Mzee yakielezwa na wasanifu na wanafunzi wake wa zamani. Mahojiano yapo na wote wanamsifu, na sifa zenyewe ni za kweli. Lakini ukikaa nayo kwenye uhariri unasinzia. Mtu akisema "Mzee ni mvumilivu", mtazamaji haoni kitu. Akiona bahasha imeandikwa "Desemba, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kusini", anaanza kuuliza maswali.

Jibu liko angani. Dar iko karibu nyuzi saba kusini mwa ikweta. Tangu Machi mpaka mwanzoni mwa Oktoba jua la adhuhuri hupita upande wetu wa kaskazini, na kuta zinazotazama kusini hushinda kivulini. Linapohamia kusini, ndipo kuta hizo hupata mwanga wa kupiga kwa ubavu asubuhi na jioni, ule unaochora kila ukingo wa dirisha. Ni majira yale yale ya vuli, kwa hiyo mawingu nayo yanadai haki yao. Ukiukosa msimu, unangoja mwaka mwingine. Majengo mengi ya Sokoine Drive yanatazama bandari, upande huo wa kusini, na Mzee alikuwa akiyarudia mwaka baada ya mwaka kama mkulima anayevizia mvua.

Kwa hiyo filamu sasa inafuata bahasha. Tunachagua jengo, tunarudi mahali pale pale, mwezi ule ule, saa ile ile, naye anafungua stendi ya kamera. Kamera yake ni ile kubwa yenye mvukuto. Anajifunika kitambaa cheusi na kulitazama jengo kichwa chini, miguu juu, kwenye kioo cha nyuma. Haelekezi kamera juu hata kidogo, kwa sababu ukiielekeza juu, kuta hubanana kileleni na jengo linaonekana linaanguka chali. Anaiacha kamera wima na kuipandisha lenzi peke yake. Nilipokuwa mwanafunzi wake nilidhani ni ubishi wa kizee. Leo nikiona tangazo la nyumba lenye kuta zilizolala, macho yananiuma.

Sehemu iliyokamilika kuliko zote ni ya Soko la Kariakoo. Lilisanifiwa na Beda Amuli, mmoja wa wasanifu majengo wa kwanza Waafrika katika ukanda huu, likafunguliwa mwaka 1975. Paa lake ni miavuli ya zege iliyopinduliwa: mvua inanyesha, maji yanakusanyika katikati na kuteremka. Mzee ana negativu za paa hilo likiwa jipya. Moto wa Julai 2021 ulipoliunguza, wengi walikumbuka bidhaa na mitaji iliyoteketea, na ni haki yao. Yeye alinipigia simu kuuliza miavuli ikoje. Tumeziweka picha za zamani bila muziki, sauti za wachuuzi tu chini yake, na ndiyo dakika chache za filamu hii ninazoziamini kabisa.

Mitaa ya katikati ya mji ni ngumu zaidi. Zile ghorofa za wafanyabiashara wa Kihindi, zenye jina na mwaka vimechongwa juu ya mlango, nyingi zimepisha minara ya vioo. Unafika na bahasha, unakuta geti la maegesho. Nilitaka kuzifuta sehemu hizo, Mzee akakataa: "Mwanangu, weka stendi hapo hapo, upige kilichopo." Tumepiga. Geti limetoka wima kabisa.

Sauti bado ni shida. Maiki ya kifuani inanasa mkwaruzo wa kitambaa chake cheusi kila anapoinama, kwa hiyo nimemshonea mfuko begani. Pia anaacha kuzungumza kamera yangu ikimwelekea usoni, ila anaongea bila kikomo nikipiga mikono yake. Basi napiga mikono.

Inayofuata ni kibali cha kupanda juu ya ghorofa moja inayotazama bandari, maana mlinzi huwaacha wenye simu wapige watakavyo, lakini akiona stendi anauliza barua. Barua imepelekwa. Mzee anataka niongeze aya inayosema kamera ni nzito, yeye ni mtu mzima, na lifti iwe inafanya kazi kabla ya alfajiri.