Nilivyofika mahali pa kucheka na wachekeshaji wa Hispania

Kihispania cha sokoni na cha hospitali nilikipata mapema kuliko nilivyotegemea. Kucheka kwa Kihispania ndiko kulikochelewa. Ninaishi Madrid, kazi yangu ni kumhudumia mzee mmoja nyumbani kwake, na kazi hiyo ina saa nyingi za kukaa sebuleni mbele ya televisheni. Mzee alikuwa akicheka, ananigeukia aone kama nami nimecheka, na mimi bado nipo kwenye sentensi iliyopita. Jambo hilo liliniuma. Mtu unamwogesha, unampa dawa, unajua kovu la mgongoni mwake limetokana na nini, halafu furaha yake inakupita pembeni.

Nikaamua kulishughulikia kwa kuanzia na tamthilia moja niliyosikia ikisifiwa sana na vijana wa hapa, El fin de la comedia. Ilirushwa na chaneli ya vichekesho, Comedy Central ya Hispania, msimu wa kwanza mwaka 2014 na wa pili mwaka 2017. Walioibuni ni Miguel Esteban, Raúl Navarro na mhusika mkuu mwenyewe, Ignatius Farray, mchekeshaji aliyezaliwa mwaka 1973 huko Granadilla de Abona, kisiwani Tenerife. Farray anamwigiza Farray: mwanamume aliyevuka arobaini, mwenye ndevu nyingi, aliyeachana na mwenzake, ana mtoto, na usiku anapanda kwenye majukwaa madogo kuchekesha watu ambao wengi ni wadogo kwake. Ni vichekesho, lakini kuna sehemu unamaliza umeshika tama.

Umri wa arobaini na kitu si uzee, najua. Ila mchekeshaji huzeeka kwa saa nyingine. Kazi yake ni ya usiku, mwili ndio zana yake, na ukumbini kila mara wanaingia watu ambao hawakuwepo alipokuwa anaanza. Tamthilia hii inalijua hilo na hailipigii kelele. Inakuonyesha tu mtu mzima akirudi nyumbani amechoka baada ya kuwafurahisha wengine.

Kikwazo changu cha kwanza kilikuwa lafudhi. Mimi nilisomeshwa Kihispania cha Kastilia, kile cha kuuma ulimi kwenye herufi z. Watu wa Visiwa vya Kanari hawaumi ulimi, wanatamka s tu, na ile s ya mwisho wa silabi wanaimeza au wanaipumua kama h. Nilikuwa kama mtu aliyefundishwa Kiswahili cha darasani halafu akashushwa Makunduchi.

Kwa hiyo kila sehemu niliitazama kwanza nikiwa nimezima sauti kabisa. Hapo ndipo mlango ulipofunguka. Farray ana kitu kinachojulikana Hispania nzima, wanakiita grito sordo, ukelele usio na sauti: anaachama kinywa mpaka mwisho, uso unakaza, shingo inatoa mishipa, na sauti haitoki. Mashabiki wakipiga naye picha huachama vilevile. Nilipoiona bila sauti nilielewa kwamba sijakosa kitu, maana hata waliowasha sauti hawasikii neno hapo. Ni mtu anayepiga ukelele ambao hautakiwi kumsumbua jirani. Nikaanza kuangalia mikono yake, anavyokaa akisubiri kuitwa jukwaani, anavyomtazama mtu anayemwambia jambo la kumdhalilisha kwa upole. Vichekesho vingi vya tamthilia hii viko kwenye ile nukta ya kusubiri, kabla mtu hajajibu.

Mara ya pili niliwasha sauti pamoja na maandishi ya Kihispania yanayopita chini ya skrini. Ya Kiingereza niliyakwepa kwa makusudi, kwa sababu yanakupa jibu kabla mchekeshaji hajalifikia. Mara ya tatu, usiku nikiwa kitandani, nilisikiliza tu bila kutazama. Sehemu zenyewe ni fupi, hazifiki nusu saa, hivyo haikuwa kazi ya kuchosha.

Kilichonisaidia zaidi kwenye masikio ni redio. Farray alikuwa mmoja wa watu watatu wa La vida moderna, kipindi cha Cadena SER kilichoanza mwaka 2014. Wenzake ni David Broncano, aliyekulia Orcera mkoani Jaén, na Quequé wa Salamanca. Chumba kimoja, lafudhi tatu, na wote wanakatizana. Nilikuwa nikiweka kipindi hicho huku nikimenya viazi. Siku za mwanzo ilikuwa kelele tupu. Baadaye nikawa naweza kusema nani anaongea, kisha nani anamchokoza nani, na maneno yenyewe yakaja nyuma ya hayo. Ningeshauri mpangilio huo kwa yeyote: ujue kwanza uhusiano wa watu, ndipo utani wao utaeleweka.

Lakini mwalimu wangu mkubwa alikuwa mzee. Siku moja alinikuta namtazama Farray, akakaa, akasema huyu kijana anakohoa kikohozi cha Gila. Sikumjua Gila. Akaniagiza nimtafute kwenye simu, na tukakesha.

Miguel Gila, mchekeshaji wa zamani, alizaliwa Madrid mwaka 1919. Katika vita vya wenyewe kwa wenyewe alikuwa upande wa Jamhuri, akasimamishwa mbele ya kikosi cha kupiga risasi, akatoka hai. Alipenda kusema kwamba waliompiga risasi walipiga vibaya. Mwaka 1951 alijitokeza jukwaani Teatro Fontalba na kuwachekesha watu kwa habari za vita hivyohivyo, katika nchi ambayo Franco, jenerali aliyeishinda Jamhuri, alikuwa anaitawala. Zana yake ilikuwa simu. Anashika mkono wa simu, anauliza kwa adabu kama hapo ni kwa adui, na kama ni kwa adui basi adui apewe simu azungumze naye. Anamwomba adui mambo ya kawaida kabisa, kama jirani anayeulizia maji yamekatika mpaka saa ngapi. Hatusikii upande wa pili hata mara moja. Tunausoma usoni mwake.

Mzee alinisimamishia video kila baada ya dakika na kunieleza: mkate ulikuwa wa kugawiwa kwa kadi, baba yake mzazi alikuwa wapi, kwa nini watu walicheka huku wanaangalia mlangoni. Gila aliondoka akaishi Argentina miaka mingi, akarudi, akafa Barcelona mwaka 2001. Baada ya usiku ule nilimrudia Farray na nikaona kumbe hayuko peke yake. Nyuma yake kuna watu waliofanya kazi hii kwa uzito mkubwa kuliko inavyoonekana.

Nami nikamlipa mzee kwa King Majuto. Mimi ni mtu wa Tanga, na Majuto alikuwa wetu. Alifariki mwaka 2018 akiwa mtu mzima, na mpaka uzeeni alikuwa akitokea tu, hajasema neno, watu wameshaanza. Nilimwekea mzee kipande akigombana na mtu mlangoni. Haelewi Kiswahili hata salamu, lakini alicheka mpaka nikamletea maji. Hakuna nilichomtafsiria.

Baadaye nilijipeleka mwenyewe kwenye ukumbi mdogo wa chini ya jengo, huku Lavapiés, mtaa wa hapa Madrid, ambako wachekeshaji hupanda mmoja baada ya mwingine. Vijana walisema haraka na nilipoteza mengi. Kisha akapanda bwana wa makamo. Alianza kusimulia alivyokwenda kwa daktari, akasita, akatoa miwani ya kusomea mfukoni, akaivaa taratibu, akasoma kiganja chake alikokuwa ameandika vichwa vya utani wake. Nilicheka palepale, kwa sauti, kabla ya meza za jirani, na yeye akanitazama kwa juu ya miwani akatikisa kichwa kukubali. Sijui kama kuna pongezi nyingine ya Kihispania niliyowahi kuithamini kama ile.

Sasa tunatazama na mzee tamthilia ya ¿Qué fue de Jorge Sanz?, aliyoitunga David Trueba na kuonyeshwa na chaneli ya Canal+ mwaka 2010, ikarudi tena 2016 na 2017. Sanz si mchekeshaji wa jukwaani, ni mwigizaji, lakini maumivu ni yaleyale. Aliigiza utoto wa Conan katika filamu ya Conan the Barbarian ya mwaka 1982, akapata Goya, tuzo ya filamu ya Hispania, ya mwigizaji bora akiwa na miaka 20, akacheza Belle Époque iliyoshinda Oscar, na hapa anajiigiza mwenyewe kama mtu ambaye simu haiiti tena, pamoja na wakala wake Amadeo, anayechezwa na Eduardo Antuña. Wawili hao wakiwa ndani ya gari tu wananitosha. Mzee anamkumbuka Sanz tangu akiwa mtoto na humkaripia kwenye skrini kama mpwa wake.

Kwa Mswahili aliyeko Hispania anayetaka kuanza, aanze na huyu. Sanz ni mtu wa Madrid, matamshi yake yatakuwa karibu na uliyofundishwa, na vipindi vya 2010 ndivyo vyepesi zaidi kufuata. Farray aje wa pili, kwanza bila sauti.