Stika kwenye bodi yenye migongo

Jumatano, Changamwe

Lori la mkate limeondoka jioni hii likiwa limevaa stika bodi nzima. Ubavu wake ni migongo na vibonde toka mbele hadi nyuma, tena umepigwa ribiti, zile pini za kubana bati, safu kwa safu. Kazi za namna hii ndizo nizipendazo, na ndizo zinazoharibiwa zaidi hapa mjini.

Mwenye lori alitaka plastiki ya stika ya bei nafuu, ile inayotandazwa kiwandani kwa rola za moto. Nikamwambia, "Mzee, hii kwenye mlango ulionyooka itakaa. Kwenye kibonde itakuaibisha." Plastiki ile imevutwa tangu kuzaliwa kwake na kila ikipata joto hutaka kurudi ilikotoka. Jua la Mombasa likiipiga wiki chache, inajikaza juu ya kibonde kama ngozi ya ngoma, maji yanaingia chini, basi. Tulitumia ile ya kumiminwa, ambayo hukaushwa ikiwa majimaji bila kuvutwa. Ni nyembamba, mikroni 50 hivi (mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita), na inatii. Bei yake inauma, ila mzee alielewa.

Tulianza alfajiri, maana jua likishapanda bati linachemka na gundi inang'ang'ania kabla hujaipanga. Sabuni kwanza, kisha spiriti, na kitambaa kupitishwa kuizunguka kila ribiti. Chumvi ya bahari hujibanza pale.

Kijana ninayemfundisha alikuwa akivuta stika kwa nguvu iingie kibondeni. Nikamshika mkono. Ukivuta, rangi inafifia na plastiki inabaki na kinyongo. Ilaze kwenye mgongo, ipulizie hewa ya moto mpaka ilegee, kisha isukume taratibu kwa kidole chenye glavu, kibonde kimoja kikiisha ndipo uende cha pili. Kwenye ribiti, toboa kwa sindano pembeni hewa itoke, pasha, halafu zungusha brashi ngumu toka nje kuja ndani mpaka kichwa cha ribiti kichomoze. Alipoiona ya kwanza imekaa alinyamaza, akaendelea mwenyewe na safu nzima.

Mwisho kabisa tunarudia vibonde vyote kwa joto la digrii 100 hivi, tukipima kwa kipimajoto. Hapo ndipo plastiki inasahau umbo lake la zamani. Mafundi wengi huiruka hatua hii kwa sababu kwa macho kazi imekwisha.

Kinachoniudhi ni wachoraji. Wanapanga kila kitu kwenye skrini bapa, na namba ya simu inaangukia kibondeni. Ukisimama ubavuni, 8 inasomeka 3. Safari hii niliomba vipimo vya migongo viingizwe kwenye mchoro kabla ya kuchapisha, na namba ikahamia mlangoni. Lori la pili la mzee lina vibonde virefu zaidi. Hilo nitalikata stika kwenye kingo na kuacha kibonde na rangi yake, na nimeshamweleza.