Bushi Iliyolika Ndani ya Distributa ya Land Rover

Kwa zaidi ya mwaka mzima Land Rover yangu, Series IIA yenye injini ya petroli ya lita 2.25, ilikuwa ikikohoa kila ilipopanda mlima Kitonga. Fundi wa kwanza alisafisha kabureta, wa pili akalaumu mafuta, wa tatu akabadilisha koili na plagi zote nne. Mimi mwenyewe nilikwisha kubadilisha pointi, ile swichi ndogo ndani ya distributa ambayo ikifumbuka cheche huruka, mara tatu, na kila mara gari lilitulia kwa wiki mbili kisha likarudia yale yale.

Siku moja nilikuwa napima nafasi ya pointi kwa fila geji, kile kipimo cha vibamba vyembamba. Kwa distributa hii, Lucas 25D4, kifaa kinachozigawia plagi umeme kwa zamu, nafasi hiyo inatakiwa iwe kati ya milimita 0.36 na 0.40. Kwenye kona ya kwanza ya kemu, ile sehemu ya shafti yenye kona nne zinazofumbua pointi, nilipata 0.38, nikazungusha injini hadi kona iliyofuata, nikakuta 0.25. Nilidhani mkono wangu ndio uliokosea. Hapo nikaishika rota, kile kipande cha juu ya shafti kinachogawa umeme, kwa vidole viwili na kuisukuma upande, na shafti nzima ikahama pamoja nayo, pointi zikafumba na kufumbuka mbele ya macho yangu ilhali injini imezimwa.

Shafti ya distributa huzunguka mara moja wakati krenki, shafti kuu ya injini, inazunguka mara mbili, kwa hiyo kosa la digrii moja huku juu ni kosa la digrii mbili kule chini. Bushi, yaani kibomba kifupi kinachoishika shafti, ikilika, kila kona ya kemu hufungua pointi kwa wakati wake: silinda moja huwaka mapema na nyingine huchelewa, na hata ukirekebisha pointi kwa uangalifu namna gani, utakuwa umeirekebisha kona moja tu. Ndiyo maana pointi mpya hazikunisaidia.

Kuifungua distributa si kazi kubwa, ila jino la chini linaloiunganisha shafti na injini halikukaa katikati kabisa, kwa hiyo kabla ya kuitoa pini yake ni lazima utie alama jinsi jino hilo linavyoelekeana na rota. Ndani nilikuta springi mbili za vile vizito vinavyosogeza taimingi, yaani wakati wa kuruka cheche, mbele mwendo unapoongezeka. Moja ni nyembamba na imekaza, na nyingine ni nene na imelegea kwenye ndoano yake. Nawasihi mafundi wasiikaze hiyo nene. Imetengenezwa hivyo makusudi, ianze kuvuta mwendo ukishakuwa mkubwa, na anayeikunja ili ikaze anaiharibia injini taimingi yake yote.

Mkerezaji mmoja wa mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam, alijitolea kunichongea bushi ya shaba. Nilimshukuru, lakini nikakataa, kwa sababu bushi ya asili imetengenezwa kwa unga wa shaba uliogandamizwa, nayo ina vitundu vidogo mno vinavyohifadhi oili na kuilainisha shafti kidogo kidogo kwa miaka. Niliagiza ya namna hiyo kutoka Uingereza, na yeye nikamwomba anikerezee mchi wa kuipachika ikae wima. Kabla ya kuipachika niliilaza ndani ya oili safi ya injini kwa saa 24. Mwenye haraka anaweza kuipasha oili hiyo hadi nyuzi 100 kwa saa mbili, kisha aiache ipoe bushi ikiwa bado imo ndani. Ikishaingia, haipanuliwi kwa kifaa chochote, kwa maana ukiikwangua unaviziba vile vitundu. Shafti yangu haikuwa na mikwaruzo, na iliingia kwa kusukumwa na kidole gumba, bila kucheza hata kidogo.

Nilibadilisha pia ule waya mfupi wa athi uliosukwa, ambao nyuzi zake nyingi zilikuwa zimekatika, nikapaka grisi kidogo kwenye kemu na kudondosha matone mawili ya oili chini ya rota. Nilipopima tena, kona zote nne zilinipa 0.38. Nilipoimulika puli ya krenki kwa taa ya taimingi, inayomweka kila cheche inaporuka, alama ya taimingi iliyokuwa ikirukaruka kwa upana wa kidole ilisimama mahali pamoja.

Wiki iliyopita nilipanda Kitonga nikiwa na mifuko kumi ya saruji nyuma, na hadi nafika juu injini haikukohoa hata mara moja.