Chennai: Usiku Emden Ilipoyachoma Matangi

Treni ya mjini ilinishusha kituo cha Chennai Beach asubuhi, na jua lilikuwa limeshaanza kuchoma. Bahari iko ng'ambo tu ya barabara, lakini usitegemee kuiona. Bandari imejaa katikati: ukuta mrefu, winchi zinazochungulia kwa juu, na foleni ya malori ya makontena yanayosubiri kuingia getini huku madereva wamelala miguu nje ya dirisha.

Nilikuwa natafuta alama za usiku wa 22 Septemba 1914. Sisi wa pwani ya Afrika Mashariki tunaijua zaidi habari ya siku mbili kabla yake, pale manowari ya Kijerumani Königsberg ilipoivizia Pegasus ya Waingereza alfajiri katika bandari ya Zanzibar, mitambo yake ikiwa katika matengenezo, ikaizamisha. Makaburi ya mabaharia wake yapo kisiwa cha Chapwani, na mizinga ya meli hizo mbili utaikuta Fort Jesus, Mombasa. Wakati huohuo, upande wa pili wa Bahari ya Hindi, manowari nyingine ya Kijerumani, Emden, ilikuwa inainyemelea Madras, jina la Chennai ya India enzi hizo. Hii haikufuata manowari ya adui. Ilifuata matangi ya mafuta ya kampuni ya Burmah Oil pale bandarini.

Nikashika barabara ya Rajaji Salai kwa miguu kuelekea kusini, bandari mkono wa kushoto, jengo jekundu la posta kuu mkono wa kulia. Njia ya waenda kwa miguu ipo kwa jina tu. Pikipiki zimeegeshwa juu yake, na ukishuka barabarani bajaji zinakupigia honi mpaka urudi ulikotoka. Hatimaye yakatokeza makuba ya Mahakama Kuu.

Jengo hili, lililofunguliwa 1892, peke yake linatosha safari. Ni matofali mekundu, makuba na minara midogo isiyo na idadi, na mawakili wenye majoho meusi wanaoingia mbiombio kwenye joto lile (sijui wanavumiliaje). Mimi nilikodolea macho mnara mrefu kuliko yote. Kuanzia 1894 mpaka 1977, huo ndio uliobeba taa ya kuongozea meli. Na usiku ule wa vita, saa tatu na nusu, taa ilikuwa inawaka kama kawaida, na mji nao ukiwaka taa zake, kana kwamba hakuna adui baharini. Kapteni wa Emden, Karl von Müller, alisogea gizani mpaka kama kilomita 3 kutoka ufukweni, akaimulika bandari kwa kurunzi za meli, akaanza kupiga. Taa iliyowekwa kuokoa meli ilimsaidia kujua hasa alipo. Na kombora mojawapo likaja kuangukia ukuta wa mahakama hiyohiyo.

Mahali hapo pamewekwa bamba la ukumbusho, kwenye ukuta wa mashariki wa uwanja wa mahakama. Mlinzi niliyemwuliza alinielekeza kwa kidevu tu, hakusimama. Bamba lenyewe ni dogo, vumbi la malori limejaza mifereji ya herufi, na ilibidi nisogee karibu sana ili nilisome. Muuza chai aliyekuwa jirani alinitazama ninavyopiga picha ukuta, akamnong'oneza mteja wake, wakacheka. Sikuwalaumu.

Makombora yapatayo 130 yalifyatuliwa kwa chini ya nusu saa. Matangi yakashika moto, watu wasiopungua 5 wakafa, na mizinga ya pwani ilipojibu haikuipata meli. Emden ikazima taa zake ikaondoka, na mwanga wa mafuta yanayoungua uliendelea kuonekana kutoka melini hata ilipokuwa mbali. Kwa hesabu ya mafuta peke yake, Uingereza haikutetereka. Lakini von Müller mwenyewe alieleza kwamba alilenga kuonyesha: Wahindi waone kwa macho yao kwamba bwana mkubwa anaweza kupigwa mlangoni kwake. Na waliona. Siku zilizofuata maelfu ya watu waliuhama mji, treni zikajaa. Kwa maoni yangu, tangi la mafuta lilichaguliwa kwa sababu linaungua vizuri na linaonekana na kila mtu. Bohari la mchele lisingempa moto wa namna ile.

Bandarini kwenyewe huingii bila kibali, kwa hiyo mchana nilipanda bajaji hadi Kasimedu, bandari ya wavuvi iliyopakana nayo upande wa kaskazini. Nilipita kituo cha Royapuram kilichofunguliwa 1856, nikateremka penye harufu ya samaki na dizeli. Wanawake walikuwa wakinadi samaki kwa sauti ambazo zingefika kwenye manowari. Kutoka hapo unaziona winchi kwa nyuma na meli zilizotia nanga nje zikisubiri gati. Nilijaribu kukadiria kilomita 3 kwa macho. Ni karibu mno. Meli niliyoichagua niliweza kuhesabu madirisha ya daraja lake.

Emden yenyewe haikumaliza mwaka. Tarehe 9 Novemba 1914 manowari HMAS Sydney ya Australia iliikuta visiwa vya Cocos, ilikokwenda kuharibu kituo cha simu za upepo, mtambo mwingine wa pwani, na safari hii wa kituo waliwahi kutuma taarifa.

Ukienda, anza na mahakama asubuhi kabla malori hayajazidi, na beba kitambaa cha kufutia lile bamba.