Kushusha injini ya Cessna 172 bila kuangusha mkia

Kabla ya kugusa nati ya kwanza, weka stendi imara chini ya mkia. Injini ya Lycoming O-320 ina zaidi ya kilo 110. Ukiitoa, uzito wote unahamia nyuma na ndege inakalia mkia.

Funga mafuta, toa betri, mwaga oili, kisha ondoa rafadha (propela). Hapa pana hatari wengi huisahau: ule waya mwembamba wa magneto, kifaa kinachozipa plagi cheche bila betri, ndio unaoizima. Ukiukata, magneto iko hai, na injini ikizungushwa inaweza kuwaka, hata swichi ikiwa imezimwa. Kwa hiyo toa plagi kwanza.

Kila waya, kebo na mpira upige picha na uufunge lebo. Ziba ncha zote papo hapo. Mombasa upepo wa chumvi hauna subira. Silinda iliyoachwa wazi huanza kushika kutu upesi, nayo kutu hiyo hula ringi za pistoni.

Bolti kubwa za kushikilia injini ni nne. Winchi ibebe uzito kwanza, ndipo uzilegeze. Zikigoma, usipige nyundo: winchi iko juu mno au chini mno.

Wakati wa kurudisha, raba za injini ziwe mpya, na kila moja ikae upande wake kama kitabu cha ndege kinavyoonyesha. Zikipishana, injini huinama na kava halilingani na rafadha. Pini za usalama usirudie za zamani, hata zikionekana nzima.

Usiwashe bado! Toa plagi moja kila silinda, zungusha kwa stata mpaka geji ionyeshe presha ya oili. Beringi kavu huharibika sekunde za mwanzo.